Mkwaju Usio na Shahidi

Mwezi wa saba, mpunga wa Mwamkulu ukishaingia kwenye magunia, majaruba yaliyokuwa yaking'aa maji hubaki udongo mweusi uliopasuka, na vishina vya mpunga husimama juu yake kama ndevu za siku tatu. Ng'ombe ndio huingia sasa, kumalizia kilichobaki. Nilikuwa nimefika kumsalimia kaka yangu anayelima huko, nje kidogo ya mji wa Mpanda, mkoani Katavi. Nikiwa nimekaa kwenye kigoda nasubiri shemeji aipue chai, nikamwona kijana wa miaka kama 13 akichunga. Alikuwa ameokota tonga bichi, lile tunda la porini lenye ganda gumu kama jiwe. Akafinyanga kichuguu kidogo cha udongo, akaliweka juu yake, akarudi nyuma hatua moja. Akaigeuza fimbo yake, akaishika upande mwembamba, kirungu kikatazama chini. Akapiga.

Tonga likapaa. Likavuka jaruba la kwanza, la pili, la tatu, likadunda kwenye la nne. Ng'ombe mmoja akainua kichwa, akakiinamisha tena. Kijana hakushangilia. Alilifuata polepole kama mtu anayekwenda dukani, akalijengea kichuguu kingine, akapiga tena, safari hii kurudi kule lilikotoka.

Nilimtazama hadi chai ikapoa. Nimeishi Dar es Salaam miaka mingi, na katika miaka hiyo nimepita Lugalo kwa daladala mara zisizohesabika, pale ambapo jeshi letu lina uwanja wa gofu. Mara chache nimeingia ndani kama mgeni wa watu, nikakaa kivulini, nikaangalia wanaocheza. Sijui kucheza. Lakini najua kutazama, na nilichokiona Mwamkulu kilikuwa na vitu viwili ambavyo makocha huhangaika miaka kumpa mtu: kichwa kilichotulia, na mikono isiyo na haraka.

Kwa Kiswahili cha michezo, alichokipiga kijana yule ni mkwaju. Watangazaji wetu husema mkwaju wa penalti, na waandishi wa gofu huandika kwamba fulani ameongoza kwa mikwaju 70 siku ya kwanza. Mtu wa Katavi akilisikia neno hilo haendi moja kwa moja mpirani. Anaona mti. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kwenye Ziwa Katavi, upo mkwaju ambao wenyeji wanaamini unakaliwa na mzimu wa Katabi, mwindaji wa kale. Jina lake ndilo lililopewa ziwa na hifadhi, na mwaka 2012, tulipomegwa kutoka Rukwa, likawa la mkoa wetu. Hadi leo watu huacha sadaka chini ya mti huo wakiomba baraka. Hawapewi risiti. Wanaweka, wanageuka, wanakwenda zao, na kama ombi limepokelewa watajua huko mbele.

Sisi tuliosoma shule za msingi za zamani tunajua maana ya tatu. Mkwaju ulikuwa bakora, na bakora ya mti ule haikuwa na desturi ya kukatika katikati ya adhabu. Neno moja, basi, limebeba mti, fimbo na pigo. Nikiwa pale kwenye kigoda nikaona kwamba maisha yote ya mcheza gofu wa kulipwa yanaenea ndani ya neno hilo. Ana fimbo zake, zisizozidi 14 mfukoni kwa mujibu wa sheria. Ana mapigo yake, yanayohesabiwa moja moja. Mti ndio uliobaki kunisumbua: yale maisha yamepandwa wapi, na kwa nini huota hapa na si pale?

Chukua ramani ya Tanzania uweke alama kwenye viwanja vya gofu. Utaweka Dar es Salaam, Gymkhana na Lugalo. Utaweka Morogoro. Utapanda Kaskazini: Arusha, Moshi, TPC kwenye mashamba ya miwa, Kili Golf karibu na Usa River. Utateremka hadi Mufindi kwenye chai. Utakumbuka Mwadui kwenye almasi, na utavuka maji hadi Unguja. Orodha inaelekea ukingoni. Sasa soma uliyoyaandika: miwa, chai, almasi, jeshi, utalii, na miji ambamo wakubwa wa serikali ya kikoloni walihitaji mahali pa kwenda saa kumi jioni. Nyasi za gofu hufuata fedha kama nyuki anavyofuata ua.

Mpanda nayo iliwahi kupitiwa na fedha. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba hapa madini ya risasi, na kwa sababu ya risasi hiyo reli ilivutwa kutoka Kaliua ikafika kwetu karibu na mwaka 1950. Mgodi ulifungwa nchi ikikaribia Uhuru. Ikabaki reli, na juu ya reli tukabaki sisi: Wabende, Wapimbwe na Wakonongo tuliokuwapo, Wafipa waliopanda kutoka kusini, Wasukuma waliokuja na mifugo, na ndugu zetu waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakafungua mashamba Katumba, na baadaye Mishamo. Mji ukakua kwa mahindi, tumbaku, mpunga, asali na dhahabu. Sijawahi kuona uwanja wa gofu Mpanda. Uwanja wetu ni Azimio, na mchezo wetu ni kandanda.

Wasifu wa wachezaji wakubwa wa gofu unapenda sana kusimulia kipaji. Severiano Ballesteros wa Hispania, husema wasimulizi, alijifunza ufukweni kwa fimbo moja kuukuu, akipiga vijiwe na mipira ya kuokota, mtoto wa mkulima asiye na kocha. Alikuja kuwa bingwa wa mashindano ya wazi ya Uingereza mara tatu, 1979, 1984 na 1988. Sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kuongeza kwamba mwaka 1978, mwaka mmoja kabla dunia nzima haijamshangilia, alishinda mashindano ya wazi ya Kenya pale Muthaiga, Nairobi. Hadithi nzuri. Lakini isome tena polepole. Nyumba ya kina Ballesteros ilikuwa imepakana na uwanja wa gofu wa kijiji cha Pedreña. Kaka zake walibeba mifuko ya wachezaji humo. Mjomba wake, Ramón Sota, alikuwa mchezaji wa kulipwa. Ufuko ulikuwepo, ni kweli, na ile fimbo moja ilikuwepo. Na uzio ulikuwepo pia, mtoto akiuruka usiku kwenda kucheza kwa mwanga wa mbalamwezi.

Njoo kwetu. Dismas Indiza, mmoja wa wachezaji wa kulipwa waliodumu zaidi nchini Kenya, ametoka Mumias, mji wa kiwanda cha sukari, na alianza kama kedi, yaani mbeba mifuko. Ukiuliza wachezaji wa kulipwa wa Tanzania walianzaje, mara nyingi utasikia njia hiyohiyo. Mtoto anazaliwa jirani na klabu. Anaokota mipira iliyopotea vichakani, anawauzia wenyewe walioipoteza. Anakua kidogo, anapewa mfuko abebe. Kwa miaka anatembea nyuma ya watu wanaopiga vibaya, naye anajifunza uwanja kwa nyayo: hapa mteremko unadanganya, pale upepo hugeuka baada ya saa nne. Kisha anakuja mwanachama mwenye moyo, anampa fimbo tatu za zamani, na katika vilabu vingi duniani ipo siku moja ya wiki, aghalabu Jumatatu, ambapo makedi wanaruhusiwa kucheza. Siku moja kwa wiki inatosha kumfanya mtu bingwa, ikiwa siku nyingine sita anaitazama kazi ya wenzake.

Tunachokiita kipaji, kwa hiyo, huwa na jirani. Sisemi kipaji hakipo. Nimekiona Mwamkulu kwa macho yangu. Nasema tunapoulizana kwa nini mabingwa wetu wa gofu wanatoka sehemu mbili tatu tu za nchi, jibu halimo kwenye damu ya watu wa Arusha. Limo kwenye seng'enge.

Tuseme sasa kijana amepita, amekuwa mzuri, na anaamua kuacha ridhaa aingie kwenye gofu ya kulipwa. Jina hilo linapotosha kidogo. Mwanasoka wa kulipwa husaini mkataba, na timu humlipa mshahara hata akikaa benchi. Mcheza gofu wa kulipwa hana timu na hana mshahara. Analipa kiingilio cha mashindano, analipa nauli na chumba, anamlipa kedi wake, ananunua mipira. Mashindano makubwa ni ya siku nne, mashimo 18 kila siku. Baada ya siku mbili hupigwa mstari: wale wanaoongoza, katika mashindano mengi ya Ulaya ni 65 pamoja na waliofungana nao, wanaendelea na kugawana zawadi. Waliobaki chini ya mstari wanafunga mifuko Ijumaa jioni bila shilingi. Na mkwaju mmoja tu ndio hutenganisha anayebaki na anayeondoka. Mashindano ya wazi ya Kenya yaliyoanza mwaka 1967 yaliingizwa kwenye ratiba kuu ya Ulaya mwaka 2019, zawadi zikiwa zaidi ya yuro milioni 1. Tangu hapo wachezaji wa ukanda wetu wanajua vizuri zaidi ladha ya Ijumaa hiyo, kwa sababu wanakutana na watu waliocheza wiki 30 za mwaka huku wao wakitafuta nauli ya mashindano matatu.

Watu wa Mpanda hawahitaji kuelezwa habari hii kwa kirefu, maana tunayo machimboni. Nenda Dirifu, nenda Ibindi, ukae na wenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu. Utakuta tajiri aliyetoa mchele, maharage na mafuta ya pampu kwa miezi, na vijana wanaoshuka chini ya ardhi kila siku bila ujira wa siku. Mawe yanapandishwa kwa viroba, yanapelekwa karasha kusagwa, unga unapitishwa mwaloni kwa maji juu ya mazulia yanayonasa dhahabu. Siku ya kuosha mazulia hayo kila mtu yupo, hata asiyehusika. Maji yanamwagwa, macho yanakodolewa, na katika nukta hiyo miezi mitatu inageuka kuwa kitu au kuwa tope. Mara nyingi ni tope. Na keshoye watu wanashuka tena.

Nilipoyaeleza hayo kwa rafiki yangu mmoja mchimbaji, alicheka, akaniuliza shimo la gofu lina upana gani. Nikamwambia milimita 108. Akakutanisha vidole viwili vya gumba na viwili vya shahada kupata mduara, akautazama. "Wenzetu wana shimo dogo," akasema, "ila njaa yake ni ileile."

Ndiyo maana wengi wa wacheza gofu hao, hapa kwetu na kwa majirani, hawaishi kwa zawadi. Wanaishi kwa kufundisha. Asubuhi utamkuta mchezaji wa kulipwa amesimama nyuma ya mfanyabiashara mwenye kitambi, akimwambia kwa upole, kwa mara ya mia, asiinue kichwa. Kazi ya kweli ni hiyo. Mashindano ni mavuno yanayotegemea mvua. Majina kama Nuru Mollel, Fadhil Nkya, Hassan Kadio na Frank Mwinuka yanajulikana kwa wanaofuatilia gofu ya Tanzania, na kwa wengine wote hayajulikani kabisa. Mwaka 2024 walipata mfululizo wa mashindano, Lina PG Tour, uliofanyika kumkumbuka mcheza gofu marehemu Lina Nkya. Ukizingatia ukame uliokuwepo, mfululizo wa mashindano ya ndani yenye zawadi ya fedha ni mvua ya kwanza. Mkulima yeyote atakwambia mvua ya kwanza haitoshi kupandia, lakini ndiyo inayomfanya aangalie jembe liko wapi.

Kwa wanawake njia ni nyembamba zaidi. Madina Iddi wa Arusha amebeba mataji ya wazi ya wanawake katika nchi kadhaa za Afrika, na kwa miaka mingi aliyabeba akiwa mchezaji wa ridhaa, yaani mtu asiyeruhusiwa kujaza mfuko kwa fedha za ushindi. Gofu ndivyo ilivyo: kwa sheria zilizoanza kutumika mwaka 2022, zawadi ya mchezaji wa ridhaa haivuki dola 1,000 za Marekani, na aghalabu huwa kikombe na vifaa vya nyumbani. Bingwa anarudi na friji. Hapo ndipo unaelewa kwamba kuwa hodari ni jambo moja, na kuwa na kazi kutokana na uhodari huo ni jambo jingine. Kati ya mambo hayo mawili kunahitajika ratiba, wadhamini, na watu wa kushindana nao. Mtu hawezi kuwa mtaalamu peke yake porini.

Au anaweza? Nilimtazama tena yule kijana. Nikagundua kitu ambacho mwanzoni sikukizingatia. Alikuwa akipiga kwa mkono wa kulia, lakini alipoishika fimbo, mkono wa kushoto ulikuwa chini ya wa kulia. Kocha yeyote angekimbilia kumrekebisha. Kwenye gofu, anayepiga kwa mkono wa kulia huweka wa kushoto juu.

Alikuwepo mtu aliyeshika fimbo vilevile. Sewsunker Sewgolum, watu wakimwita Papwa, alikuwa kedi wa asili ya Kihindi pale Durban, Afrika Kusini. Hakusoma shule. Alijifunza mwenyewe, mikono ikiwa kinyume, na kwa mikono hiyo kinyume akaenda Ulaya akashinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mwaka 1959, akarudia 1960, akarudia 1964. Nyumbani, sheria za ubaguzi zilimfungia mlango. Mwaka 1963 aliruhusiwa kucheza mashindano ya wazi ya Natal miongoni mwa Wazungu, akashinda. Mvua ikanyesha. Wachezaji weupe waliingia ndani ya jengo la klabu, na bingwa, ambaye hakuruhusiwa kukanyaga humo, akapokea kikombe chake nje akiwa analoa. Mwaka 1965 akashinda tena mashindano hayohayo, safari hii akimpita Gary Player, mmoja wa wakubwa wa dunia. Baada ya hapo wakamzuia kucheza, na hati yake ya kusafiria ikachukuliwa. Alikufa mwaka 1978, maskini.

Siitaji habari ya Papwa ili nifananishe Mpanda na Afrika Kusini ya makaburu. Hapa hakuna aliyemfukuza kijana wa Mwamkulu popote. Naitaja kwa sababu maisha yake yanaonyesha kwamba kati ya mkono na kazi pana mlango, na mlango una aina nyingi. Papwa alikuwa ndani ya uzio, akibeba mifuko humo, na mlango wa jengo ukafungwa kwa sheria. Kijana wetu hana wa kumfungia, kwa sababu uzio wenyewe haujafika. Nani anaumia zaidi, anayenyimwa au asiyejua kuna kitu cha kunyimwa? Papwa alijua alichonyimwa, na jambo hilo lilimla. Kijana wa Mwamkulu alikuwa na tonga, fimbo na jioni nzima.

Sasa mtu atasema: basi mwandishi anataka Mpanda ijengewe uwanja wa gofu. Hapana. Uwanja wa mashimo 18 unakula ekari 120 na zaidi, na unakunywa maji kama mtoto wa tembo. Katika mkoa ambao mkulima na mfugaji bado wanagombea mpaka wa jaruba, atakayesimama mkutanoni kuomba ekari hizo kwa ajili ya kipira asirudi nyumbani kwa njia ileile aliyojia. Na wanyama nao wana maoni. Pale Jinja, Uganda, uwanja uliopakana na Nile uliwahi kuwa na kanuni yake ya nyumbani: mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, mchezaji anauokota na kuudondosha pembeni bila adhabu. Kwetu, Mto Katuma unapokauka na viboko kurundikana kwa mamia kwenye dimbwi moja la tope, kanuni hiyo ingehitaji kurasa tatu, na ukurasa wa mwisho ungeanza na neno "kimbia".

Ninachokitaka ni kidogo kuliko uwanja. Nataka tuache kusema nchi yetu haina vipaji vya mchezo huu au ule, wakati tulichopima ni umbali wa watoto kutoka kwenye seng'enge. Na nataka tukumbuke kwamba katika maisha ya mcheza gofu iko sehemu moja ambayo haikuletwa na miwa wala almasi, na haihitaji ekari.

Sehemu hiyo ni kuhesabu. Kandanda ina mwamuzi mwenye filimbi. Ndondi ina majaji watatu. Mcheza gofu mara nyingi yuko peke yake upande wa pili wa kichaka, na akiusogeza mpira wake kwa bahati mbaya kabla hajapiga, anayejua ni yeye na majani. Anatakiwa ajiongezee mkwaju mwenyewe. Mwisho wa siku mwenzake huandika hesabu, naye husaini, na sahihi hiyo haifutiki. Mwaka 1968, Roberto De Vicenzo wa Argentina, naye mtoto aliyeanza kwa kubeba mifuko, alimaliza siku ya mwisho ya mashindano ya Masters kule Augusta, Marekani, akiwa amefungana na anayeongoza. Kwenye shimo la 17 alikuwa amepiga mikwaju mitatu, maelfu wakitazama uwanjani na mamilioni kwenye televisheni. Aliyemwandikia akaandika minne. De Vicenzo, akili ikiwa mbali, akasaini bila kukagua. Sheria ikasema uliyosaini ndiyo uliyopiga. Akapoteza kwa mkwaju mmoja ambao hakuupiga. Hakumlaumu mwandishi, alijiita mjinga yeye mwenyewe.

Nikiwaza machimboni, naona jinsi hesabu ilivyo jambo la uhai na kifo. Viroba vingapi vimetoka, vingapi vimefika karasha, kimoja kimepotelea njiani kwa nani. Marafiki wa miaka wameachana kwa kiroba kimoja. Kila duara lina daftari na kila daftari lina mashaka. Na hapohapo yumo mtu, kila mmoja wetu anamjua mmoja, ambaye akikuta punje imeganda kwenye kucha anarudi kuionyesha wenzake. Hakuna aliyemwona. Mtu huyo hajawahi kusikia neno gofu, lakini ile sehemu ngumu ya mchezo anayo tayari.

Jua lilikuwa limeanza kuinama kuelekea upande wa Ziwa Tanganyika. Nikanyanyuka, nikakata majaruba kwenda kwa kijana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakufundisha kupiga hivyo?"

Akaitazama fimbo kama vile swali lilikuwa lake. "Tunacheza tu."

"Unahesabu?"

"Nahesabu. Kutoka hapa mpaka mwembe ule ni mara saba. Jana nilipiga mara sita."

Nikaomba fimbo. Akanipa, akaniwekea tonga juu ya kichuguu kwa heshima zote, akasogea pembeni. Nikasimama kama nilivyowaona wale wa Lugalo, miguu imetanuka, kiuno kimejikunja. Nikainua fimbo nyuma ya bega. Nikakumbuka kwamba sitakiwi kuinua kichwa, nikakiinua. Fimbo ikapita juu ya tonga, ikakata upepo, nusura nianguke. Tonga halikutikisika hata kidogo.

Kijana aliuma mdomo asinicheke mtu mzima. Kisha akanionea huruma. "Hiyo haihesabiki, baba. Hujaligusa."

"Kwenye mchezo wenyewe inahesabika," nikamwambia. "Ukishakusudia ukapiga, umepiga. Hata ukipiga hewa."

Akafikiri. Aliangalia mwembe, akaangalia tonga lake, akaangalia ng'ombe waliokwishaanza kuelekea zizini bila kuambiwa.

"Jana," akasema, "nilipiga hewa mara moja."

"Basi jana ilikuwa saba."

Akaichukua fimbo yake, akatikisa kichwa polepole, akawafuata ng'ombe.